Angalau Kidole Kimoja

Maji ya moto yalikuwa yameshamwagika, na mtoto alikuwa ameshalia mpaka sauti imeanza kumkauka, lakini bibi yake bado alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, akimenya viazi. Alimenya kwa makini, akikizungusha kiazi ili ganda litoke refu bila kukatika. Kilichomgeuza si kilio. Ni kivuli cha binti yake kilichopita ukutani mbio, na ndoo iliyoangushwa, ambayo maji yake yalimfikia miguuni.

Mjukuu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa ameivuta sufuria iliyokuwa karibu na jiko, akaungua mkono wa kushoto kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Majirani wa upande wa pili wa ua walisema baadaye kwamba walimsikia vizuri tu, ila walijua yuko na bibi yake, wakadhani ananyimwa kitu.

Binti hakugomba. Alimmwagia mtoto maji baridi, akamviringishia kitambaa safi, kisha akaja kusimama mbele ya mama yake, uso kwa uso, kama watu wa nyumba ile walivyozoea kusimama wanapotaka kusema naye.

"Mama," alisema, "alikuwa hatua mbili nyuma yako."

Kuanzia siku iliyofuata mtoto alishinda kwa jirani. Binti hakueleza sababu, na mama hakuuliza.

Mtaani bibi huyo walimwita Mama Tarumbeta, kwa kuwa hakujua kunong'ona. Akikusalimia, nyumba ya tatu inaitikia. Akikuambia siri, basi siri hiyo umeshaisikia wewe na watu wote waliokaa barazani. Alilipokea jina hilo kwa kicheko na hata yeye mwenyewe alilitumia. Kwa miaka mingi alijiambia kwamba ni tabia tu, kwamba watu wa kiwandani wote wana sauti kubwa. Sasa alikaa na viazi vyake vilivyomenywa nusu akijua kwamba si tabia.

Kiwanda kilikuwa cha misumari. Mashine ya misumari ina kazi moja: inavuta waya, inaubana, inaugonga huku upate kichwa, inaukata kule upate ncha, inatema. Inafanya hivyo mara mia tatu kwa dakika. Katika karakana ile zilipangwa mashine arobaini na mbili chini ya paa moja la bati, na Mama Tarumbeta alikuwa amesimama kwenye namba kumi na moja kwa miaka kumi na tisa. Mgeni akiingia mle huziba masikio kwa viganja. Wenyeji walikuwa wakiziba kwa pamba iliyochomolewa kwenye magodoro yao, na hata hiyo wengi waliiacha baadaye, maana haikuwa na faida tena.

Sauti mle ndani haikumfaa mtu. Watu walisemezana kwa midomo mitupu. Walitaniana, waligombana, waliombana radhi, mmoja akiwa mashine ya tatu na mwenzake ya ishirini, bila kutoa hata neno. Zilikuwepo ndoa mbili zilizoanzia hivyo na moja iliyovunjikia hivyo. Na juu yao, mwisho wa ngazi za chuma, ilikuwepo ofisi ya Afisa Utumishi, ambayo ukuta wake wa mbele ulikuwa kioo kitupu ili awaone wafanyakazi wote kwa mara moja. Haikumpitikia kwamba na wao wanamwona. Kwa miaka yote hiyo walijua nani atapewa barua ya onyo kabla barua haijachapwa. Walijua jinsi anavyombembeleza mkewe kwenye simu. Mfanyakazi mpya aliambiwa habari ya kioo siku ileile anayoonyeshwa choo, na neno hilo halikuwahi kutoka nje ya karakana.

Jumatatu, saa ya mapumziko, Mama Tarumbeta alikwenda kwenye chumba cha huduma ya kwanza kilichokuwa uwanjani, karibu na bomba la maji. Nesi wa kiwanda alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mpole, mwenye kabati moja la dawa na daftari kubwa la jalada la kijani. Juu ya jalada iliandikwa Ajali na Magonjwa ya Kazini. Mama Tarumbeta alimweleza habari ya mtoto na sufuria, akamwomba aandikwe.

Nesi alimfungulia daftari, akamwonyesha. Kurasa za mwaka ule zilikuwa nyeupe. Za mwaka uliotangulia nazo zilikuwa nyeupe. Akamweleza, polepole na kwa kumkabili ili midomo ionekane, kwamba yeye haandiki chochote mle mpaka Afisa Utumishi amwambie, na kwamba katika miaka sita hajaambiwa. Halafu, kama mtu anayefanya jambo dogo la pembeni, alimwandikia kwenye kikaratasi jina la hospitali yenye mtu wa kupima masikio.

Alikwenda siku yake ya kupumzika. Walimfungia ndani ya kichumba chenye kuta za sponji, wakamvisha kitu masikioni, wakamwambia anyanyue mkono kila akisikia mlio. Alikaa mle akisubiri waanze. Walipomfungulia mlango ndipo alipojua kwamba wameshamaliza. Daktari alimchorea mstari uliokuwa ukishuka kama ngazi, na chini yake akaandika kwamba masikio yote mawili yamepoteza usikivu kutokana na kelele kali za muda mrefu. Akamwuliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, akapiga muhuri.

Na karatasi ile mkononi, Mama Tarumbeta alizipanda zile ngazi za chuma kwa mara ya tatu katika miaka kumi na tisa.

Afisa Utumishi alikuwa mtu wa suruali safi na adabu nyingi. Alimpa kiti, akamwita mama, akaisoma karatasi pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu. Akasema ni kazi nzuri ya daktari, lakini si daktari wa kampuni. Akasema huenda huko nyumbani anasikiliza redio kwa sauti kubwa. Kisha akasema hata mama yake mzazi siku hizi hasikii vizuri.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza Mama Tarumbeta.

"Sabini na sita."

"Mimi nina hamsini na mbili. Nimemtangulia."

Afisa alitabasamu, akatoa fomu iliyokwisha chapwa. Ilisema kwamba mfanyakazi huyu aliajiriwa akiwa tayari na tatizo la kusikia. Akisaini, alieleza, atahamishiwa kwenye kufungasha, chumba kitulivu, kazi ya kukaa. Mama Tarumbeta alisema kwamba siku aliyoajiriwa karani alijificha nyuma ya mlango akamwita jina lake kwa kunong'ona, naye akaitika, na karani akaandika. Afisa akasema majalada ya wakati ule yaliharibiwa na mvua.

"Na nisiposaini?"

"Usiposaini, maana yake unasikia. Unarudi kwenye mashine."

"Sisikii."

"Kama husikii, usalama hauniruhusu kukuweka pale. Gari la mizigo likikupigia honi kwa nyuma itakuwaje? Itanibidi nikuachishe kazi. Kwa faida yako mwenyewe, mama."

Alimwomba arudie. Si kwamba hakuelewa. Alitaka kuuona mdomo ule ukiyasema tena. Afisa alirudia, kwa subira.

"Kwa hiyo nikiwa mgonjwa sikuugulia hapa," alisema Mama Tarumbeta, "na nikiwa nimeugulia hapa, si mgonjwa."

"Mama, usipige kelele."

"Sijui kama napiga kelele, bosi. Ndicho kilichonileta."

Aliirudisha fomu mezani bila kuisaini, akaichukua karatasi yake, akashuka. Kule chini hakuna aliyemwuliza kitu. Wote walikuwa wameshayaona mazungumzo.

Mkaguzi alikuja wiki ya tatu baada ya hapo. Siku ya mkaguzi ilijulikana tangu asubuhi. Nusu ya mashine zilizimwa na kutundikwa vibao vya Matengenezo, ili kile kifaa chake cha kupimia kelele kisipige makelele chenyewe. Stoo walitoa vizibo vya masikio, vya manjano, viwili kwa kila mtu, kwa kutia sahihi, na vya kurudisha jioni. Fundi wa kutia mashine mafuta, mzee waliyemwita Bwana Grisi, ambaye masikio yake yalikufa kabla ya watu wengine kuajiriwa, alivichomeka vyake puani akapita hivyo kati ya mashine, na watu wakacheka mpaka msimamizi akamfukuza.

Saa nne mkaguzi alikuwa juu, nyuma ya kioo, amekaa kwenye kiti cha wageni, daftari la kijani magotini. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na miwani. Alifunua kurasa kwa kidole. Mashine namba kumi na moja ilikuwa mojawapo ya zilizozimwa, kwa hiyo Mama Tarumbeta alikuwa amesimama tu, kitambaa mkononi, akitazama juu kama watu wengine wote.

Mkaguzi alisema neno. Afisa Utumishi akajibu. Mkaguzi akasema tena, na wote wawili wakacheka. Karakana nzima ilisimama, macho juu.

Kisha walianza kushuka. Bwana Grisi, aliyekuwa ng'ambo ya mashine, alimgeukia upesi. Alikuwa amemfahamu kwa miaka kumi na tisa, na aliuona uso wake.

Usiseme, alimwambia kwa midomo. Ukisema ataweka pazia. Tutakuwa viziwi na vipofu.

Bwana Grisi alikuwa na haki. Kioo kile kilikuwa mali yao wote, wala si yake peke yake kukivunja. Aliwaangalia watu waliopangana kwenye mashine zao, kila mmoja na vizibo vya manjano alivyoazimwa mpaka jioni, na akaufikiria ule mkono mdogo uliofungwa bandeji, ambao siku hizi aliuona tu ukipita mlangoni kwenda kwa jirani.

Mkaguzi alisimama katikati ya karakana. Alikuwa na swali moja ambalo lazima aulize, na aliliuliza kama mtu anayesoma orodha: je, kuna yeyote hapa ambaye mwaka huu ameumia au kuugua kwa sababu ya kazi? Afisa Utumishi alisimama pembeni yake, mikono nyuma. Mashine zilizobaki zilikuwa mbali, mwisho kabisa. Haikuwahi kuwa tulivu hivyo.

"Mimi," alisema Mama Tarumbeta.

Alisema kwa sauti yake ya siku zote, na kwa kuwa mashine za karibu zilizimwa, neno lilifika mpaka kwenye lango la kupakilia mizigo. Watu waliokuwa nje waligeuka.

Mkaguzi akasema kwamba daftari halina jina la mtu yeyote.

"Najua. Ukiwa pale juu umemwuliza, 'Ukurasa mweupe namna hii, kwa watu mia mbili?' Naye akakujibu, 'Watu wangu wana bahati.' Wewe ukamwambia, 'Wekeni angalau kidole kimoja, ionekane kweli. Mimi nitaandika nini?' Halafu mkacheka."

Mkaguzi alivua miwani. Alimtazama Afisa Utumishi, na Afisa akatazama kule juu, kwenye kioo chake, kwa mara ya kwanza akiwa upande wa chini.

"Nani amekuambia maneno hayo?" aliuliza mkaguzi.

"Wewe."

Mwanamke wa mashine ya ishirini akasema na yeye ameyaona. Wa ishirini na moja akasema hivyohivyo. Mtu wa mashine ya tatu alinyanyua tu mkono wake wa kulia, wenye vidole vinne, akauacha juu. Cha tano kilikatwa na mashine mwaka uliopita, mbele ya watu wote, na barua ya kampuni ikasema alijikata nyumbani akipasua kuni.

Mama Tarumbeta alitoa karatasi ya hospitali kwenye mfuko wa ovaroli, akaikunjua, akamkabidhi mkaguzi. Akamwambia jina lake kamili, namba ya mashine na idadi ya miaka. Akamwambia aandike pale pale, amwone akiandika.

Mkaguzi aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. Alisema ataliingiza jambo hili katika taarifa yake. Hakukaa kula chakula kilichoandaliwa. Gari lake lilipotoka, msimamizi alipita kukusanya vizibo, ingawa jioni ilikuwa bado.

Kesho yake kioo kilikuwa kimefunikwa kwa ndani, juu mpaka chini, kwa karatasi za kaki zilizobandikwa gundi. Mashine zote arobaini na mbili zilikuwa zinakwenda. Mama Tarumbeta alikabidhiwa ufagio na kupelekwa uwanjani, mpaka hapo uamuzi utakapotolewa. Wengine karakanani walimpongeza. Wengine walimpa mgongo, na kwa watu wanaozungumza kwa midomo kupewa mgongo ni kufungiwa mlango. Mwanamke wa mashine ya ishirini alipata barua ya onyo, naye hakujua kama inakuja mpaka ilipowekwa mkononi mwake. Mama Tarumbeta aliyajua hayo yote akafagia. Usiku alilala. Hakuona kwamba ana kitu cha kumwomba mtu radhi.

Siku ya nne nesi alimwita kwa mkono. Alikuwa peke yake chumbani na daftari la kijani lilikuwa wazi mezani. Ukurasa wa mwaka ule haukuwa mweupe tena. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wa nesi mwenyewe.

Mama Tarumbeta aliusoma taratibu. Aliyeumia: Afisa Utumishi. Mahali: karakana. Aina ya madhara: maumivu ya kichwa na ya sikio la kulia. Chanzo: kelele za mfanyakazi wa kike. Siku za mapumziko: mbili.

Nesi alisema aliandikishwa kwa kusomewa, neno kwa neno. Alisema ofisi ya mkaguzi imepokea nakala na imeridhika kwamba daftari linatumika. Hakuyatazama macho ya Mama Tarumbeta alipoyasema, ikabidi ayarudie.

Mama Tarumbeta alianza kucheka. Alicheka kwa sauti yake ile, na waliokuwa wanachota maji bombani wakaja kuchungulia. Kisha alinyamaza, akavuta kiti.

"Nipe kalamu, mwanangu."

"Mama, hilo hajazi mgonjwa."

"Hujaza nani?"

"Mwajiri."

"Mwajiri ameshajaza. Mstari wa pili uko wazi."

Nesi aliichomoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akaiweka juu ya daftari, akabeba beseni la bandeji. Akasema anakwenda kuzifua, na kwamba ni nyingi.

Mama Tarumbeta hakuwa mwandishi wa haraka. Aliandika jina lake alilopewa na baba yake, ambalo mle kiwandani lilikuwa kwenye kadi tu. Aliandika namba kumi na moja. Kwenye aina ya madhara aliandika: masikio yote mawili. Kwenye chanzo aliandika: mashine zenu. Kwenye siku za mapumziko alifikiri kidogo, akaandika: hakuna.

Alipoinua uso, Bwana Grisi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuonekana kama mtu aliyesamehe. Aliingia, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akamtajia jina lake, maana yeye kuandika kulimpiga chenga tangu utotoni, na Mama Tarumbeta akamwandikia. Baada yake aliingia mtu wa vidole vinne, akashika kalamu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Baada yake mwanamke wa mashine ya ishirini, na barua yake ya onyo. Ilikuwa saa ya mapumziko. Mmoja aliyetoka aliwaeleza watatu waliokuwa bombani, kwa midomo, na mstari ukapangika kutoka mlangoni, ukapita bomba, ukafuata ukuta. Walikuwepo wa kifua, waliokohoa vumbi la chuma. Alikuwepo aliyerukiwa na kipande cha waya jichoni. Alikuwepo msichana wa kufungasha ambaye hakuwa na ugonjwa wowote na alisema anataka tu kuandika kwamba ameona. Mama Tarumbeta alimwambia aandike hivyo.

Ukurasa ulijaa. Akafunua mwingine.

Alikuwa ameinama kwenye jina la thelathini na nne alipohisi kwamba mwanga mlangoni umebadilika, akatazama nje. Ng'ambo ya uwanja, chini ya nguzo ya kengele ya umeme, alikuwa amesimama Afisa Utumishi, kidole gumba kwenye kitufe. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba mapumziko yalikwisha dakika sita zilizopita. Mlinzi alikuwa karibu yake. Umbali ule haukuwa kitu kwa Mama Tarumbeta.

"Wamegoma?" uliuliza mdomo wa Afisa.

"Sijui, bosi," ulijibu wa mlinzi. "Labda hawasikii."

Afisa alitoa kidole, akabonyeza tena, kwa muda mrefu zaidi. Njiwa waliokuwa juu ya paa la karakana waliruka wote kwa pamoja. Kule bombani nesi, mwenye masikio mazima, aliinama zaidi juu ya beseni. Mstari haukugeuka. Walikuwemo ambao kengele ile haikuwafikia, na walikuwemo iliowafikia vizuri sana, na kwa migongo yao Afisa Utumishi hakuweza kujua nani ni nani. Alibonyeza tena.